Farasi Mwenye Pumu na Mkono wa Maduhu

Tulimzika Maduhu kijijini kwao Shishiyu Jumamosi iliyopita. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wazee wenzangu, nusu yao hawasikii na nusu wanajifanya hawasikii. Nimevuka themanini, nina hasira za karibu, wajukuu wangu wanalijua hilo na wananikwepa asubuhi kabla sijanywa chai. Lakini siku ile sikumgombeza mtu. Nilikuwa na neno moja nililokaa nalo tangu ujana, na mwenye kustahili kuambiwa alikuwa ndani ya sanduku. Watoto wa siku hizi wakisikia nimewahi kutibu farasi wanacheka. Farasi gani, babu, Usukumani? Habari za wazazi wangu, za kwetu na za shule niliyosoma nazipita bila kusimama, hazina kazi hapa. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa na Maduhu na farasi mwenye pumu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na Bariadi yenyewe ilikuwa maduka machache ya Wahindi, mti wa kufungia punda, na vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msaidizi katika idara ya mifugo, nina kaptula ya kaki iliyonyooka, baiskeli, na sanduku la mbao la dawa. Watu waliniita Bwana Dawa, na jina hilo lilinipanda kichwani kuliko pombe yoyote niliyowahi kunywa. Nilipangiwa kambi ya kufyeka pori, nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini, ambako watu walikuwa wanakata miti ili mbung'o wakose kivuli na ng'ombe wapate malisho. Msimamizi alikuwa Mzungu mmoja mfupi, mkimya, ambaye watu walimwita Bwana Mbung'o, na wala hakukasirika. Gari lilikuwa linazama kwenye udongo mweusi wa mbuga kila mvua ikinyesha, kwa hiyo alikagua kazi juu ya farasi jike wa rangi ya kahawia. Kule watu walisema falasi, na mimi nilikuwa nawasahihisha, mjinga mimi.

Mtunza farasi ndiye alikuwa Maduhu. Alinizidi miaka miwili hivi, mrefu, taratibu, hajui Kiswahili zaidi ya salamu na matusi, kwa hiyo yote tuliyosemezana yalikuwa ya Kisukuma. Tulipewa nyumba moja ya udongo yenye vyumba viwili. Changu kilinuka dawa ya josho, chake kilinuka ngozi ya matandiko, na katikati kulikuwa na ukuta mfupi usiofika paani, hivi kwamba nilimsikia akikohoa na yeye alinisikia nikisali. Tulikula pamoja kila siku, ugali wa uwele na maziwa ya mgando, au michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ikiwa hakuna wa kutupikia, maana yeye alipika michembe vizuri na mimi niliunguza hata maji. Siku moja tukiwa tunakula nilimuuliza mbona hatumi salamu kwao. Akaendelea kutafuna, akasema, "Kwetu wananiita mtu wa mkono mbaya." Alipokuwa kijana baba yake alimkabidhi ng'ombe wote, na ng'ombe wakafa kwa nagana, ugonjwa wa mbung'o, mmoja baada ya mwingine, mpaka zizi likaota majani. Kila mtu alijua kuna mbung'o. Lakini watu hawamchukii mbung'o, hawana pa kumshikia, wakamchukia Maduhu. Wakasema akigusa mnyama, mnyama hadumu. Baba yake akamwambia, "Toka, siku utakayomlea mnyama wa watu akakaa, njoo unionyeshe."

"Sasa huyu," akasema Maduhu, akainua kidevu kuelekea bandani, "huyu ndiye nitakayemwonyesha." Bwana Mbung'o alikuwa amemwahidi kwamba kufyeka kukifika upande wa Shishiyu, atapita kijijini kwao juu ya farasi yule, na Maduhu akiwa ameshika kamba mbele. Ndiyo ndoto yake yote hiyo. Alimwita yule farasi Mayu, yaani mama, kwa heshima, akamkosha miguu na kumsemesha kila asubuhi: "Mwangaluka, Mayu." Nami nilimcheka. "Mwangaluka gani, anakujibu?" Akasema, "Ananijibu. Wewe ndiye husikii."

Mimi ndiye niliyeleta moshi, na hili nataka lieleweke mapema. Siku ya kwanza tu kambini nilimwambia Maduhu kila jioni, kabla jua halijazama, awashe mavi makavu ya ng'ombe ndani ya mlango wa banda, moshi ujae, mdudu asipate nafasi. Nani angepinga? Kwetu ng'ombe akirudi kutoka malishoni anakuta moshi unamngoja zizini, na ng'ombe wenyewe wanasukumana kuusogelea. Mama zetu walitulea ndani ya moshi huo. Kwamba mbung'o anauma zaidi mchana nilikuwa nimefundishwa na nilijibu mtihani nikapata, lakini mafunzo ni kitu kimoja na zizi la baba yako ni kitu kingine. Banda lenyewe lilikuwa zuri, la udongo, dirisha moja dogo, limezibwa vizuri dhidi ya fisi. Moshi ukiingia mle ulikaa. Maduhu aliutunza moto ule kama alivyotunza kila kitu, hakuukosesha hata jioni moja.

Baada ya kama miezi miwili Mayu akaanza kukohoa. Mwanzoni kikohozi kikavu, mara mbili tatu asubuhi. Halafu mbavu zikaanza kuvuta, tumbo linasukuma pumzi kama mtu anayebeba gunia, matundu ya pua yametanuka, na ukiweka sikio kifuani unasikia filimbi. Wanawake waliopita na ndoo walisimama kwenye ua. Nilimsikia mmoja akisema, "Masikini, falasi analia kifua kama mkwe wangu." Mwingine akamjibu, "Si unajua anayemlea?" Maduhu alikuwa nyuma ya banda anakata nyasi, alisikia, akaendelea kukata. Mimi nilikimbilia nagana. Nikatoa damu sikioni, nikaiangalia kwa darubini mpaka jicho likauma. Hamna kitu. Nikaandika barua Mwanza, na baada ya wiki tatu daktari wa mifugo akaja, Mzungu mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kitabuni. Alifika saa sita mchana, akamsikiliza Mayu kifua, akakunja uso, akanusa nyasi kavu, akasema, "Hii ni pumu. Farasi wanapata pumu kama watu." Majivu pale mlangoni aliyaruka. Nadhani alidhani ni jiko la Maduhu.

Akafungua mkoba wake akatoa chupa ndogo zenye dawa nyeupe kama maziwa, ya kutikisa kabla ya kuivuta kwenye sindano. Kotisoni, akasema, dawa mpya, hata watu wengi bado hawajaipata. Alinionyesha kipimo na jinsi ya kuichoma shingoni, siku tano mfululizo, kisha kupunguza siku hadi siku, nisiikate ghafla na nisiizidishe. Akasema neno ambalo nililiandika kwenye daftari na nikalipigia mstari: "Dawa hii inatuliza kifua. Haiondoi kinachokiudhi. Tafuteni kinachomuudhi, vumbi, nyasi zenye ukungu, mkiondoe." Tukaahidi. Toka siku hiyo Maduhu alilowesha nyasi zote kabla ya kumpa, akafagia banda huku akinyunyiza maji, akatupa majani yaliyoota ukungu. Na jioni akawasha moshi.

Jamani, dawa ile! Mimi nimechoma dawa nyingi maishani, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Siku ya pili mbavu zilitulia. Siku ya tatu Mayu alikula pumba zote akalamba na ndoo. Siku ya tano alikimbia uani, Maduhu anamfuata na kamba akicheka kwa sauti, na watu wa kufyeka wakaacha mapanga waje kutazama. Nilisimama pale na bomba la sindano mkononi nikajiona nimeumba farasi. Bwana Mbung'o alinipa mkono na kusema ataandika barua jina langu liwemo kati ya watakaopelekwa kusoma zaidi. Siku hiyo Maduhu aliomba maziwa kwa watu wa jirani, tukala ugali mpaka tukaegemea ukuta. Akasema, "Bwana Dawa, baba akimwona Mayu atanyamaza." Nikamwambia, "Atanyamaza mpaka utamwonea huruma."

Nikapunguza dawa kama nilivyoelekezwa, na ilipoisha, filimbi ikarudi. Wiki moja tu. Nikaomba chupa nyingine, zikaja na lori la mahindi. Nikachoma, akapona, zikaisha, akaugua. Kila aliporudi kuugua alikuwa amekonda kidogo kuliko mara iliyopita, na Maduhu naye. Safari ya tatu niliongeza kipimo kwa akili yangu mwenyewe. Hakuna aliyeniamuru. Niliona kama kikombe kimoja kinatuliza, vikombe viwili vitaponya, hesabu ya mtu ambaye tayari ameshajiona kwenye benchi la shule kubwa. Ilipoisha ile nikaitwa kijiji cha Lingeka kuchanja ng'ombe, nikaondoka siku nne na kumwacha Maduhu peke yake.

Siku hizo nne nimezirudia kichwani mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Niliporudi, alasiri, nilimkuta Mayu amesimama kivulini, kichwa juu, anapumua kimya. Nikaweka sikio kifuani. Filimbi ilikuwa ndogo, ya mbali. Nikafurahi, nikasema dawa sasa imeingia kwenye damu. Maduhu akatikisa kichwa. Aliongea polepole, kama mtu aliyepanga maneno. "Siyo dawa. Siku uliyoondoka mavi makavu yaliisha, nikachelewa kutafuta mengine, sikuwasha. Asubuhi akawa amelala vizuri. Nikasema ngoja nijaribu na leo. Siku nne sijawasha, Bwana Dawa. Ni moshi unaomkaba."

Nilimpandishia sauti. Nilimpandishia mpaka wapishi wa kambi wakatoka nje. Nikamwambia nani kakufundisha utabibu, umeona darubini wapi, dawa inafanya kazi mwilini hata ikiisha, wewe unasema moshi! Moshi tangu lini unadhuru mnyama? Na kwa kuwa hasira zangu zina ulimi mbaya, nikaongeza, "Nzi wakimwua na huyu, utasema nini? Hukutosheka na ng'ombe wa baba yako?" Hata sasa naweza kuuona uso wa Maduhu, haukukasirika, ulizimika tu. Nilikwenda mwenyewe kuokota mavi makavu, nikayawasha kwa mkono wangu ndani ya mlango, nikakaa pale mpaka moshi ukajaa. Mayu akaanza kukohoa kabla sijainuka. Nikasema ni ubaridi wa jioni. Kesho yake nikachoma tena kotisoni, kipimo kikubwa, na Maduhu hakutaja tena moshi. Aliuwasha kila jioni kama nilivyotaka.

Haikuchukua muda miguu ikaanza. Asubuhi moja Mayu hakutaka kutoka. Alisimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha kama anayekwepa kukanyaga makaa, na nilipoweka kiganja kwenye kwato zilikuwa za moto. Sasa naijua habari hiyo, dawa ile ikizidi inaweza kuharibu kwato za farasi kutoka ndani. Wakati ule nilijua tu kwamba naogopa. Tulimsimamisha kwenye matope, tukamfunga vitambaa vya maji, Maduhu alikaa naye mchana kutwa akimkanda na kumwimbia kitu kwa sauti ya chini. Siku ya sita alilala na hakuinuka, na kifua kile kile kinavuta na filimbi ile ile. Bwana Mbung'o alikuja na bunduki baada ya kifungua kinywa. Alimwomba Maduhu asogee. Maduhu hakuelewa maneno, alielewa bunduki, akasogea.

Daktari, aliyeitwa kwa simu ya maandishi toka siku miguu ilipoanza, alifika kesho yake, safari hii jioni, jua linaelekea kuzama. Tulisimama uani watatu, daktari, mimi na Maduhu aliyekuwa bado ameshika kamba isiyo na kitu. Kutoka maboma ya jirani moshi wa mazizi ulikuwa unapanda kama kila siku. Daktari akatoa leso akaziba pua, akauliza, "Wanachoma nini hivi?" Nikamweleza mavi makavu, dhidi ya nzi. Akanitazama. "Na kwenye banda la farasi mlifanya hivyo?"

"Hapana, bwana," nikasema.

Neno moja. Lilitoka lenyewe, kabla sijalitafuta. Daktari akaitikia kwa kichwa. "Afadhali. Maana kama mngefukiza mle ndani, hata ungemchoma kotisoni mwaka mzima asingepona. Ungekuwa unatuliza kifua kwa mkono mmoja na kukikaba kwa mwingine." Akaanza kueleza habari za kwato, nami sikusikia kitu. Nilijua pale pale kwamba Maduhu alikuwa ameona kwa siku nne kile ambacho mimi na darubini yangu tulishindwa kukiona kwa miezi.

Maduhu akanigusa kiwiko. Akasema kwa Kisukuma, kwa heshima, akimtazama daktari siyo mimi, "Muulize kama ni mkono wangu. Yeye ni mtaalamu, atajua. Akisema siyo, nitakwenda nyumbani na neno lake."

Daktari akauliza, "Anasema nini?"

Nilikuwa na pumzi moja ya kuamua. Nikiuliza swali lile, daktari atataka kujua mkono umefanya nini, na Maduhu atasema aliwasha na hakuwasha, na moshi utatoka, na uongo wangu, na sindano zangu za ziada, na barua ya kwenda kusoma. Nikasema, "Anashukuru kwa kuja, bwana." Daktari akatabasamu, akampa Maduhu mkono, masikini, akamwambia pole sana. Maduhu akaushika mkono ule kwa mikono miwili, akageukia kwangu. Macho yake yalikuwa yananingoja. Nikamwambia, "Anasema hajui." "Hajui," akasema. "Basi hata yeye hawezi kusema siyo." Siku mbili baadaye alikunja ngozi yake ya kulalia akaondoka kwa miguu kurudi Shishiyu, hana farasi wa kumwonyesha mtu. Mimi jina langu lilitoka, nikaenda kusoma, nikarudi na cheo, nikapangiwa mikoa ya mbali mpaka nikastaafu. Nilimwona Maduhu mara tatu au nne katika miaka yote hiyo, harusini, msibani, mnadani. Alinikaribisha kila mara, akaniita Bwana Dawa mbele ya watu, akasema huyu ni rafiki yangu, tulikula naye michembe. Na mimi kila mara nilisema kesho nitamwambia. Nyie mnaosoma msinifariji. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya aibu, na aibu ikikaa sana inazoea kukaa.

Jumamosi, baada ya kufukia, nilimwita pembeni mwanawe mkubwa, Sayi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mzee wa kanisa, mtulivu kama baba yake. Tulisimama nyuma ya ghala la pamba. Nikamwambia yote, moshi, siku nne, "hapana, bwana," na lile swali ambalo sikulifikisha. Nilizungumza haraka, na nilipomaliza nilihisi, Mungu anisamehe, kama nimetua mzigo.

Sayi akasema, "Kwa hiyo baba hakuwa na mkono mbaya."

"Hakuwa nao. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu."

Akaangalia upande wa zizi. Ng'ombe wapatao kumi na watano walikuwa mle, wamefungiwa kwa ajili ya msiba. "Unawaona hao? Wote ni wa pesa za pamba yake. Hakuwahi kumgusa hata mmoja. Alisimama nje ya boma akituelekeza kwa fimbo, shika huyu, fungua yule. Sisi watoto tulikua tukijua baba haingii zizini, kama watu wanavyojua baba hanywi pombe. Hata mbuzi hakukamata. Mwaka jana ndama alikwama tumboni, nimehangaika nimeshindwa. Baba akavua shati akaja kasi, akasema mimi najua, nipishe. Nikamsukuma, mzee. Baba yangu mzazi. Nikamwambia toka, utatuulia na mama yake. Akatoka. Ndama akafa hata hivyo, na ng'ombe naye. Jioni akaniambia, afadhali umenizuia, mwanangu, wangesema ni mimi."

Nikanyoosha mkono nimshike bega, akarudi nyuma hatua moja, bila hasira.

"Asubuhi nilimzika baba yangu nikiwa na amani," akasema. "Ungekaa na siri yako, mzee. Ulikuwa umeshaizoea."

Wanawake wakaita watu waje kunawa, chakula tayari, na Sayi akatangulia kwa sababu yeye ndiye mwenye msiba na wageni hawawezi kuanza bila yeye. Nikamfuata, nikanawa, nikala.